Daktari akiingia siasa: niliyojifunza kwa Dk. Ndugulile na kwenye kiti changu cha uganga mkuu

Watu wengi wakisikia daktari kaacha wodi kaenda kuchukua fomu ya ubunge wanasema basi huyo tumeshampoteza, kafuata posho. Nimeyasikia haya maneno toka niko mwanafunzi pale Muhimbili mpaka sasa kichwa kina mvi, na leo nataka niyajibu kwa kirefu kidogo maana yananigusa pande zote, mi ni daktari wa serikali, nimewahi kushika cheo cha kuteuliwa, nikatolewa kwenye hicho cheo, halafu mbunge wangu kwa miaka 14 alikuwa daktari.

Namzungumzia marehemu Dk. Faustine Ndugulile. Sikuwahi kukaa naye meza moja, sikuwa rafiki yake wala mtu wa chama chake, nilikuwa mpiga kura wa Kigamboni na mtu wa fani moja naye, kwa hiyo nilikuwa namfuatilia vile unavyomfuatilia mtu wa kwenu aliyeko ugenini, ukisikia kafanya vizuri unafurahi na wewe, ukisikia yamemkuta unanyamaza kidogo.

Wengi walimjua akiwa mbunge, wengine wakamjua aliposhinda kule WHO, Shirika la Afya Duniani. Sisi wa hospitali jina lake tulianza kulisikia kwenye mambo ya damu. Alimaliza udaktari 1997, akarudi tena kusomea maikrobaiolojia na kinga ya mwili, ule ubingwa ambao mgonjwa hamuoni kabisa daktari wake, yeye yuko huko maabara na kazi yake ni kusema huyu anaumwa nini hasa na dawa gani itamsaidia. Baadaye akiwa wizarani upande wa huduma za uchunguzi alikuwa kati ya walioongoza Mpango wa Taifa wa Damu Salama wakati bado mchanga.

Vijana walioajiriwa juzi hawajui tulikotoka kwenye damu. Kabla ya huo mpango kuanzishwa 2004 kila hospitali ilikuwa inajitafutia, mama anavuja damu baada ya kujifungua unatoka nje ya leba unamuuliza mume ndugu wako wapi, na huko nje ni saa nane usiku kuna watu wawili tu, mmoja mzee sana na mwingine ana presha. Au analetwa kijana anaambiwa ajiite mjomba wa mgonjwa, na kila mtu pale anajua kijana kalipwa. Damu inapimwa haraka haraka kwa kipimo kilichopo siku hiyo, na hapo UKIMWI ulikuwa bado unatumaliza. Halafu taratibu mambo yakaanza kubadilika, vikaja vituo vya kanda, hapa Dar kile cha Mchikichini, timu zikawa zinaenda sekondari, makanisani, misikitini, watu wanachangia kwa hiari, kila chupa inapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C na kaswende kabla haijaletwa kwenye friji la hospitali. Shida haikuisha, mpaka leo ndugu bado wanaambiwa waje wachangie, lakini mimi ambaye nimewahi kukosa chupa moja tu ya damu kwa mtoto wa malaria aliyeishiwa damu mpaka viganja vyeupe, najua tofauti ya wakati ule na huu, na ni tofauti kubwa sana.

Nimeanza na hilo makusudi. Ile kazi ya damu haikuwa na maiki wala jukwaa, ilikuwa ni vikao, bajeti, friji, magari, vipimo, mafunzo ya watu wa maabara. Ukitaka kujua daktari fulani ataenda kufanya nini kwenye siasa usiangalie hotuba yake ya kampeni, angalia alichojenga kabla hajahitaji kura ya mtu.

Akafanya kazi na CDC, ile taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, huko Afrika Kusini, akasoma na shahada ya afya ya jamii huko huko, halafu 2010 akaja kugombea Kigamboni kwa CCM akashinda. Sasa kwa ambao hamkuijua Kigamboni ya 2010, ilikuwa bado ni sehemu ya Temeke na hamna daraja. Ilikuwa ni pantoni, au uzunguke na Kongowe mpaka utokee Mbagala. Mama akipata uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama hatoki, usiku kule Kimbiji au Pemba Mnazi, mhudumu wa zahanati anaandika rufaa, anaandika vizuri kabisa na sahihi na muhuri, lakini ile karatasi haina barabara ndani yake. Mi nimepokea wagonjwa wa namna hiyo upande wa pili wa maji, kizazi kimeshapasuka, mtoto hayupo, na ukiangalia faili kila mtu huko alikotoka kafanya wajibu wake. Hapo ndo nilianza kuelewa kwa nini mtu mwenye akili zake timamu anaweza kuacha maabara akaenda kusimama juani kuomba kura. Mwenye barabara ni mwanasiasa, mwenye maji ni mwanasiasa, ambulensi na mafuta yake yanapitishwa na kikao ambacho daktari anaingia kama mualikwa.

Na kazi ya kwanza ya mbunge wetu wala haikuwa hospitali, ilikuwa ardhi. Kulikuwa na ule mpango wa mji mpya wa Kigamboni uliotangazwa 2008, watu wakaambiwa wasiendeleze maeneo yao, huwezi kujenga, huwezi kuuza vizuri, benki haikuelewi, na fidia haieleweki inakuja lini. Wazee wa huku walikonda kwa ule mpango nawaambia. Ndugulile aliubishia bungeni na nje ya bunge, akabishana na waziri wa chama chake mwenyewe aliyekuwa na ardhi wakati ule, na mi kama daktari niliona ni jambo la afya kabisa maana presha nilizokuwa napima kwa wale wazee zilikuwa zina anwani. Daraja likaja kufunguliwa Aprili 2016, na hapo tukaanza kilio kingine cha tozo za kuvuka, miaka na miaka, mpaka zilipopunguzwa 2022. Hayo ndo maisha ya mbunge daktari, unasomea vijidudu miaka yote halafu wapiga kura wako wanataka ujibu nauli ya bodaboda kuvuka daraja, na wana haki.

Oktoba 2017 akateuliwa Naibu Waziri wa Afya, akichukua nafasi ya Dk. Hamisi Kigwangalla, daktari mwingine, aliyepelekwa Maliasili na Utalii. Waziri wao alikuwa Ummy Mwalimu ambaye ni mwanasheria. Nalisema hili kwa sababu kuna wenzangu wa koti jeupe wanaamini wizara ya afya lazima iongozwe na daktari la sivyo itakufa, na mi sikubaliani nao. Ile wizara imewahi kuwa na madaktari wazuri juu yake, Profesa David Mwakyusa ambaye alikuwa daktari wa Mwalimu Nyerere alikuwa waziri, na kabla yake sana miaka ya 1970 alikuwepo Leader Stirling, yule daktari mpasuaji Mwingereza wa misheni aliyefanya kazi kusini huko Masasi akawa raia wetu na waziri wetu. Lakini pia imekuwa na mawaziri wasio madaktari walioisimamia vizuri tu. Udaktari unakupa jambo moja wizarani, hudanganyiki kirahisi. Ukiletewa ripoti inasema upatikanaji wa dawa ni mzuri, unauliza dawa zipi, maana kituo kinaweza kuwa na panadol za kutosha na hakina oksitosini, ile dawa ya kuzuia mama asivuje damu akijifungua.

Kipindi hicho mimi nilikuwa nimeshateuliwa Mganga Mkuu wa Wilaya, DMO, mkoani huko sitaitaja wilaya. Na naomba niwaeleze kitu ambacho raia wa kawaida hakioni. Asubuhi bungeni Dodoma mbunge anauliza, je serikali ina mpango gani wa kumalizia zahanati ya kijiji fulani, naibu waziri anasimama anajibu, na halafu yanakuja maswali ya nyongeza ambayo hajayaona kabla. Lile jibu la msingi limepikwa chini. Wiki hiyo simu inaita wilayani, DMO tunaomba taarifa ya boma la zahanati ya kijiji fulani, wananchi wamechangia shilingi ngapi, limefikia lenta au limeezekwa, watumishi wangapi, na unatakiwa uitume kabla ya jioni. Ukiandika uongo, naibu waziri ndo anasimama na uongo wako mbele ya taifa. Nilijifunza kuandika "boma lipo, halijaezekwa, hakuna mtumishi aliyepangwa" hata kama wakubwa wangu wilayani walitaka iandikwe "ujenzi unaendelea vizuri". Na nilipokuwa namuangalia Ndugulile akijibu maswali nilikuwa naona mtu anayejua kwamba boma sio zahanati. Zahanati ni muuguzi anayelala pale, ni nyumba yake, ni maji, ni friji ya chanjo yenye gesi au umeme.

Kilichonisumbua zaidi kwenye kiti kile ni madiwani. Sisi madaktari tumezoea kutoa amri, unaandika kwenye faili mgonjwa apewe hiki, anapewa. Unaingia baraza la madiwani unasema kitaalamu fedha hizi ziende kwenye chumba cha upasuaji cha kituo kimoja ili kifanye kazi, diwani wa kata ya kumi na moja anasimama anasema mwenyekiti, kata yangu toka uhuru haina hata zahanati, DMO anatuambia tusubiri tena? Na ukumbi mzima unampigia meza. Pale ndo unagundua takwimu zako hazina mpiga kura. Aliyenisaidia alikuwa diwani mama mmoja, mtu mzima, akaniita pembeni baada ya kikao, akaniambia mwanangu wewe unaongea kweli lakini unaongea na karatasi, njoo kwenye vikao vya kata kwanza, ukija barazani uje watu wameshakusikia. Nikaanza kwenda. Ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyotaka, mikutano chini ya mwembe, mtu anaongea nusu saa kuhusu ng'ombe kabla hajafika kwenye hoja, lakini mwaka wa bajeti uliofuata kile chumba cha upasuaji kilipita na aliyekitetea ni yule yule diwani wa kata ya kumi na moja, maana wagonjwa wake ndo walikuwa wanapita pale.

Kwa hiyo mtu akiniambia siasa ni kupoteza muda wa daktari namuuliza wewe umewahi kukaa kwenye hivo vikao?

Sasa tufike kwenye mambo magumu. Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa nchini, na katikati ya Mei mwaka ule ule uteuzi wa Dk. Ndugulile ukatenguliwa, nafasi ikaenda kwa Dk. Godwin Mollel. Sababu haikutajwa, na mi sitajifanya naijua. Ninachojua ni kwamba kwa mtu aliyesomea vijidudu na afya ya jamii ule ndo ulikuwa muda aliousomea maisha yake yote, na akautumia akiwa nje ya ofisi. Alirudi jimboni, Oktoba akagombea tena, akashinda tena.

Mimi yangu yalinikuta baada ya hapo. Barua ilikuja mchana, mistari michache, unarudishwa kwenye kituo cha kazi utakachopangiwa. Nani aliandika na kwa nini sitaki kuingia huko, watu wapo hai na wengine wanajutia. Ila nawaambia kinachofuata baada ya barua maana hakuna anayekuandaa. Simu inanyamaza. Jana yake ulikuwa unapokea simu toka alfajiri, mkandarasi, mtendaji wa kata, mwandishi wa habari, leo hamna. Dereva anakupeleka nyumbani mara ya mwisho hajui aseme nini. Watu uliowasaidia kupata uhamisho wanapita upande wa pili wa korido. Mke wangu alisema jambo moja tu, akasema si uliondoka na vyeti vyako? Basi twende.

Nikapangiwa hospitali ya mkoa, daktari wa kawaida, zamu za usiku na vijana niliokuwa nawasimamia. Wiki za mwanzo zilikuwa chungu, siwezi kuzipamba. Lakini mikono ilikuwa bado inafanya kazi, na sababu ni kwamba miaka yote ya u-DMO mganga mfawidhi mmoja mzee aliniganda nisiache kuingia tieta, akawa ananipangia siku yangu kila wiki, hata kama nina kikao naingia alfajiri nafanya upasuaji wa uzazi mmoja kisha ndo naenda kwenye makaratasi. Wenzangu waliona najitesa. Leseni ya Baraza la Madaktari nilikuwa nalipia, mafunzo endelevu nahudhuria. Kwa hiyo siku niliyovuliwa uganga mkuu nilivuliwa kiti, gari na simu za watu, na jumatatu nikawa na mgonjwa wa kumuona.

Ndo maana niliyaona ya Ndugulile kwa jicho tofauti na watu wengine mtaani. Desemba 2020 akarudi kwenye baraza la mawaziri, safari hii Waziri wa Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, wizara mpya kabisa. Daktari kwenye minara ya simu! Wengi huku Kigamboni walishangaa. Na haikuwa wizara nyepesi, mnakumbuka Aprili 2021 vifurushi vipya vya bando vilivyozua kelele nchi nzima mpaka vikasitishwa siku ile ile karibu. Septemba 2021 akatolewa tena, akaingia Dk. Ashatu Kijaji. Mara mbili ndani ya miezi kumi na sita, kwa marais wawili tofauti. Kuna watu baada ya hapo wangechukia, wangekaa kimya wakisubiri huruma, au wangegeuka wa kulalamika tu. Yeye alirudi kwenye viti vya nyuma bungeni akawa anaongelea afya, akawa kwenye mambo ya afya ya mabunge ya kimataifa, na ile hoja ya bima ya afya kwa wote ambayo ilikuja kuwa sheria 2023 ilimkuta ni mtu anayeijua ndani nje.

Halafu ikaja Agosti 27, 2024, Brazzaville. Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika, Dk. Matshidiso Moeti wa Botswana, alikuwa anamaliza muhula wake wa pili. Wagombea walikuwa wazito, kulikuwa na Ibrahima Socé Fall wa Senegal, N'da Konan Michel Yao wa Ivory Coast, Boureima Hama Sambo wa Niger, watu waliozunguka kwenye WHO na milipuko ya Ebola huko kwa miaka. Na nchi wanachama 47 za kanda zikamchagua mbunge wa Kigamboni. Nilikuwa zamu siku hiyo, muuguzi wa mapokezi akaja ananionyesha simu, tukapiga makelele mpaka mgonjwa mmoja akauliza kuna nini. Mimi kwa mtazamo wangu kilichombeba ni ule mchanganyiko wenyewe watu waliokuwa wanaulaumu. Mawaziri wa afya ndo wanapiga kura pale, na mbele yao walikuwa na mtu anayejua maabara na anayejua kukaa mbele ya waziri wa fedha kuomba hela ya chanjo, kwa sababu amewahi kuwa pande zote mbili. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya na nchi nyingi hazijafika karibu na hapo, na hilo haliwezi kutibiwa na mtu anayejua tiba peke yake.

Angeanza kazi Februari 2025. Novemba 27, 2024, miezi mitatu kamili toka achaguliwe, akafariki India alikokuwa anatibiwa. Alikuwa na miaka 55. Spika Tulia Ackson ndo alitangaza, na huku kwetu ilikuwa ni kama kila nyumba ina msiba, bodaboda, mama lishe, wavuvi, watu wa vyama vyote. Tulimzika Kigamboni. Sitaki kuandika mengi hapo bado panauma. Mei 2025 nchi ikampeleka Profesa Mohamed Janabi, yule wa moyo, aliyekuwa Muhimbili, na akachaguliwa kwenye kikao cha Geneva, kwa hiyo kiti kilibaki Tanzania, na nilifurahi, lakini huwa nawaza sana yale aliyokuwa amepanga huyu ambaye hakukikalia.

Sasa kwa nini nimeandika haya yote. Mwaka 2025 kabla ya kura za maoni kijana mmoja daktari wa hospitalini kwetu alinifuata, shikamoo mkuu naomba dakika tano, nataka kuchukua fomu jimboni kwetu, wazee wamenitaka, wewe unasemaje? Alikuwa anategemea nimkataze kwa sababu ya yaliyonipata. Sikumkataza. Nilimuuliza umejenga nini pale hospitali ambacho kitabaki ukiondoka, akaniambia ile kliniki ya kisukari ya alhamisi, na ni kweli ameijenga yeye, ina wagonjwa wanaoletana wenyewe. Nikamuuliza nani ataiendesha, akasema nimeshamfundisha tabibu mmoja na wauguzi wawili. Nikamwambia basi nenda, ila kabla hujaenda lipia leseni yako ya mwaka na uchukue ruhusa yako kwa maandishi, usiondoke kimya kimya, na huko jimboni anza na vikao vya kata.

Kura hazikutosha. Alirudi kazini wiki ile ile amekonda, ana madeni kidogo, wenzake wengine wakawa wanamcheka kwenye chumba cha chai na nikawakemea. Kliniki ya alhamisi haikuwa imefungwa hata mara moja. Sasa hivi ameomba kwenda kusoma afya ya jamii na mimi ndo nimemwandikia barua ya utambulisho, na anasema 2030 atachukua fomu tena, nimemwambia nitachangia mafuta.